Kubana pembeni, kukaa kwenye leni au kuzunguka: ipi inasaidia madereva wasikupitie puani ukiwa na baiskeli hapa Dar

Naanza na mkono wa shati. Jumanne moja asubuhi, saa moja kasoro hivi, niko na baiskeli yangu barabara ya Kigogo naelekea Kariakoo, nimebana pembeni kama mtoto mwenye adabu zake, daladala ikanipita karibu mpaka bodi ikaniachia mstari wa vumbi kwenye mkono wa shati, shati jeupe, la Jumanne hilohilo. Haikuniangusha wala haikuniumiza, ilinifuta tu, kama mtu anavyokugusa bega kwenye foleni ya benki kukuuliza we ndo wa mwisho. Konda alikuwa ananing'inia mlangoni na mlango wa daladala si uko kushoto, kwahiyo mimi na yeye tulipitana uso kwa uso, nikasikia hadi harufu ya bigijii yake. "Pembeni wewe!" Pembeni wapi sasa, kulia yupo yeye, kushoto mtaro.

Nina miaka minne naendesha Mabibo–Kariakoo na kurudi, siku sita kwa wiki, na toka siku ile nimejaribu karibu kila dawa ambayo watu wanaambiana, nyingine nilipewa na fundi wangu, nyingine na wauza samaki ambao wanaijua barabara kuliko trafiki, nyingine nilizitoa kichwani kwangu na ndo zilizoniletea msala. Hapa naziweka zote upande kwa upande, uone ipi inakufaa na njia yako, maana anayetoka Sinza kwenda Mwenge na anayeshuka na barabara ya Mandela pamoja na malori ya Zambia na Kongo hawawezi kutumia dawa moja.

Kabla ya yote, hesabu kidogo, fupi tu

Usukani wa baiskeli yangu, mtumba wa Japani, una sentimita 60. Tairi ikiwa nusu mita toka ukingo wa lami, ncha ya kulia ya usukani iko sentimita 80 toka ukingoni. Sasa ile nafasi ambayo dereva anatakiwa kukuachia, wenzetu wengi wameiweka mita moja na nusu. Ujerumani toka 2020 ni mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji, Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Chukua hiyo 1.5 jumlisha na 80 zako, umefika mita 2.3. Ongeza gari. IST, ambayo Dar ni kama sare ya shule, ina upana wa karibu mita 1.7, jumla 4. Coaster mita 2 na ushee, jumla 4.3 na kitu. Lori mita 2.5, jumla 4.8.

Leni zetu nyingi ni mita 3 hadi 3.5.

Yaani hamna gari ya kuweza kukupita vizuri ndani ya leni hiyohiyo uliyopo, hata uwe mwembamba kama sindano, hata utembee juu ya ukingo wenyewe kama paka. Lazima atoke, akanyage leni ya pili, arudi. Mi hii hesabu ndo ilinibadilisha kichwa, maana kabla ya hapo nilikua nadhani nikibana zaidi namsaidia, kumbe namdanganya kwamba panatosha.

Kubana pembeni

Hii ndo ya watu wengi na ndo tuliyofundishwa toka tukiwa tunaendesha Phoenix ya mjomba huku mguu umepita katikati ya fremu. Uzuri wake upo, nisiwe mnafiki. Hupigiwi honi, hutukanwi, unajisikia uko salama kwasababu uko mbali na magari, na kama barabara ina bega pana la lami basi hilo bega ndo lako, usikae leni kwa ubishi tu. Ukiwa umebeba trei za mayai au unapanda kilima kwa mwendo wa kinyonga, bana tu.

Shida ni kwamba pembeni ya Dar sio pembeni ya kwenye picha. Kuna mchanga unaorundikana ukingoni, ukikanyaga kwa kona tairi la mbele linateleza. Kuna lami iliyovunjika inashuka ghafla kwenda kwenye vumbi, ukishuka kupanda tena ni kwa kuruka, na watu wengi wanaangukia upande wa magari wakati wa kupanda huko. Kuna mitaro wazi, kipindi cha masika maji yakijaa huoni mtaro unaishia wapi na barabara inaanzia wapi. Kuna bodaboda wanakuja kinyume kwa kujiamini kabisa wanakuwashia taa ati wewe ndo umekosea. Kuna bajaji zinasimama kushusha bila kuangalia nyuma. Alafu foleni ikikolea, wale wa kutanua wanalihamia hilohilo bega ulilojificha, wanakuja nyuma yako kwa kasi huku wanawasha hazadi kama wamebeba mgonjwa.

Lakini shida kubwa sio hizo. Shida kubwa niliambiwa na suka mwenyewe, yaani dereva wa daladala. Siku moja nilibananishwa na daladala karibu na kiplefti cha Kigogo, ikasimama kituoni mbele, nikaifikia. Kawaida ningetukana, siku hiyo sijui ni njaa au nini nikamfuata dirishani kwa upole.

"Kaka, habari za kazi."

"Salama, vipi?"

"Pale nyuma ulinibana, bado kidogo niingie mtaroni."

Akaniangalia, na kwa jinsi alivyoniangalia nikaona hanidanganyi. "Ah, mi nilijua umenipisha. Si ulikua umeshaenda pembeni?"

Nilijua umenipisha. Hapo ndo nikaelewa, kwa lugha ya dereva wa Dar, mtu anayebana pembeni anasema pita bosi, na mtu akishaambiwa pita hapunguzi mwendo wala hapimi. Hakuona kama kuna mtu wa kuovateki, aliona nafasi. Na ukumbuke wengi wao ni deiwaka, gari ya mtu, jioni hesabu ya bosi inasubiri, sekunde tano za kukaa nyuma ya baiskeli anaziona kama buku limedondoka dirishani. Simtetei, nakwambia anachokiona yeye.

Kukaa kwenye leni

Maana yake unakaa umeingia kama theluthi moja ndani ya leni au karibu na katikati yake, pale ambapo anayetaka kukupita lazima ahame leni kweli. Hapo ujumbe unakua mwingine, sio nafasi tena, ni chombo cha mwendo mdogo, na suka anajua kuovateki chombo, bajaji anaziovateki kila siku bila kuzigusa.

Kwa barabara nyembamba ya leni moja moja, mi nasema hii ndo bora, bila kupepesa. Kwenye madaraja madogo, kabla ya kiplefti, kwenye mataa, ukipita pembeni ya magari yaliyoegeshwa (milango ya teksi inafunguka kama mbawa), na sehemu zenye matuta ambapo gari zenyewe zinaenda mwendo wako, kaa kwenye leni. Lakini namna ya kuingia ndo kila kitu. Unageuka unaangalia nyuma, na hakikisha dereva ameona kwamba umegeuka, unanyoosha mkono wa kulia, unasogea mapema na taratibu, sio unachomekea mbele yake ghafla kama bodaboda. Ukishakaa, endesha mstari mmoja. Ikifika sehemu pana unarudi pembeni kwa hiari yako, unawapungia mkono wapite. Mi napisha kila nikiona foleni nyuma yangu imefika gari tatu nne, na nimegundua ukipisha na kupunga, wengi wanajibu na kahoni kadogo kale ka asante. Unawapisha, ila mahali ulipochagua wewe.

Ubaya wake? Honi. Mwanzoni zilikua zinanitetemesha mikono. Sa hivi honi ya nyuma ndefu naichukulia kama taarifa kwamba ameniona, ninayemuogopa ni yule asiyepiga. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi, na hapa naomba usinielewe vibaya. Kikomo cha mwendo maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, sasa sehemu ambapo magari hayakiheshimu, barabara pana za leni mbili mbili kama Nyerere au ya Bagamoyo, au Mandela usiku na yale malori ya bandarini, kukaa kwenye leni ni kucheza kamari na macho ya mtu mwenye usingizi. Tofauti ya mwendo ikiwa kubwa hivo hana muda wa kukusoma. Huko usikae leni wala usibane, kama hamna bega toka kabisa kwenye hiyo barabara.

Na kuna jambo linaloipinga hii dawa ambalo watu wa baiskeli hawapendi kulisema. Kuna mtafiti wa Uingereza, Ian Walker, akiwa Chuo Kikuu cha Bath alifunga kipimo kwenye baiskeli akapima magari zaidi ya elfu mbili yaliyompita, matokeo yakatoka 2007. Akakuta kadri alivyosogea kuelekea katikati ya barabara ndivyo magari yalivyompitia karibu zaidi. Unaona? Kinyume na ninachosema mimi. (Humohumo akakuta akivaa helmeti wanampitia karibu zaidi kuliko akiwa kichwa wazi, na akivaa wigi aonekane kama mwanamke kwa nyuma wanamuachia nafasi kubwa. Wakati wa utafiti huohuo aligongwa mara mbili, basi na lori, akapona. Helmeti mi bado navaa, maana ukidondoka kichwa hakijui utafiti.)

Nimelifikiria sana hilo la kusogea, na nadhani linaingia akilini hata kwa njia zetu. Ukisogea kidogo tu, nusu nusu, dereva anahesabu njia yake ileile, hatoki kwenye leni, kwahiyo ile nafasi inaliwa. Huku pembeni hujamuachia nafasi ya kutosha, na katikati hujamzuia. Nusu nusu ndo mbaya kuliko zote. Ila hata hapo kuna kitu ambacho kipimo cha kulia hakikioni, nacho ni nafasi ya kushoto kwako. Akinipita kwa sentimita 70 huku kushoto nina mita nzima ya lami ya kukimbilia, mi nachagua hiyo kuliko mita moja kulia na mtaro kushoto. Yule wa bigijii nisingemuwaza hata siku moja kama ningekua na pa kwenda.

Mzee wa tenga

Nimuingize hapa kwasababu ndo alinifundisha bila kupima chochote. Wale wazee wanaotoka Feri alfajiri na samaki, tenga pana limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, linatokeza kulia na kushoto kuliko hata usukani. Nilikua nyuma ya mmoja barabara ya Kawawa, pale bondeni, nikaangalia daladala tatu mfululizo zikimpita, zote zimetoka hadi mstari wa katikati. Mimi nyuma yake, mwembamba nimebana, wakawa wanarudi kushoto kabla hawajanimaliza.

Nilipomfikia kwenye mataa nikamuamkia. "Shikamoo mzee. Wewe wanakuogopa wewe."

"Marahaba mwanangu. Mimi? Wanaogopa shombo. Gari ya mtu ikinuka samaki wiki nzima, abiria hapandi."

Akacheka, taa ikawaka kijani, akaondoka. Sikupata jibu la kitaalamu ila nilipata wazo, na hilo wazo ndo likanipeleka kwenye vifaa.

Vifaa: kimoja kizuri, kimoja msala, vingine kawaida

Msala kwanza. Kesho yake nilikata kipande cha bomba jembamba la plastiki, lile la kupitishia waya za umeme, kama nusu mita, nikalifunga kwenye keria litokeze upande wa kulia, mwishoni kitambaa chekundu. Watu walicheka mtaani lakini barabarani lilifanya kazi, magari yalitoka kweli. Siku mbili. Siku ya tatu kwenye foleni nikapita katikati ya magari nikasahau kama nina mkia, nikasikia krrrr, nimeichora gari ya mama mmoja kuanzia mlango wa nyuma hadi taa. Tulimalizana kwa elfu 40 na kuombana radhi sana, na bomba likaishia kuwa la kuangushia maembe. Kama njia yako haina foleni kabisa, labda. Kama unapita mjini, achana nalo.

Kizibao cha kung'aa nilikinunua elfu 5, navaa asubuhi na jioni, kinasaidia kuonekana. Ila kuonekana na kuachiwa nafasi ni vitu viwili. Walker huyohuyo na wenzake walijaribu mavazi saba tofauti, kizibao cha kung'aa, mavazi ya mashindano, kilichoandikwa mwanagenzi, na kilichofanya tofauti ni kile tu kilichotaja polisi na kwamba unarekodiwa, tena tofauti yenyewe sentimita chache, na wale wachache wanaopita chini ya nusu mita walibaki walewale hata uvae nini. Usije ukaandika polisi mgongoni hapa mjini lakini, utaenda kujieleza kituoni.

Kifaa ambacho ningenunua kabla ya vyote ni kioo, saiti mira ndogo ya kufunga kwenye usukani upande wa kulia. Haimfanyi dereva aache nafasi. Inakufanya wewe ujue anakuja nani, anakuja vipi, na kama amehama leni au la, sekunde tatu kabla. Sekunde tatu ni nyingi mno, unachagua kukaa, kusogea au kushuka vumbini kwa heshima yako badala ya kushushwa. Kukaa kwenye leni bila kioo mi siku hizi siwezi, najisikia kama nimefumba macho. Taa nyekundu ya nyuma ni lazima kwa yeyote anayerudi baada ya saa kumi na mbili, hilo wala halihitaji ulinganisho. Kengele, kwa daladala yenye singeli ndani, ni pambo.

Kuzunguka

Kwa mimi wa Mabibo njia ziko mbili. Kigogo kwenda Kawawa ni fupi, kama nusu saa, nyembamba, daladala na bajaji mwanzo mwisho. Au napanda Morogoro Road pale Urafiki nashuka na njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na ile ya mabasi ya mwendokasi, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, naingia Kariakoo, dakika kumi zaidi.

Kwa suala la kupitiwa karibu, Morogoro Road inashinda kwa mbali, maana gari haliko leni moja na wewe kabisa, kuna ukingo katikati. Siku ya kwanza kuitumia nilifika kazini mabega yangu yameshuka, nikashangaa mbona sijachoka shingo. Lakini usidhani umefika Uholanzi. Manzese njia ya baiskeli ni soko. Kuna meza za viatu, karanga, muuza kahawa na jiko lake, bodaboda wamepaki wanasubiri abiria wa mwendokasi, na watu wanatembea humo kwasababu njia ya watembea kwa miguu nayo imejaa nyanya. Unaendesha huku unasema "naomba njia mama, naomba njia kaka, samahani bosi" kama konda. Hatari yake inahamia kwenye makutano, gari inayokata kushoto kuingia mtaani haikutegemei wewe uliyetokea nyuma ya meza ya viatu, kwahiyo kwenye kila mchepuko punguza mwendo hata kama haki ni yako. Na mvua kubwa ikinyesha Jangwani pakijaa maji hamna njia ya baiskeli wala ya basi, unarudi nyumbani.

Kuna wajanja wanaingia leni ya mwendokasi yenyewe. Usithubutu. Hairuhusiwi, na lile basi refu ni mita 18 za chuma, dereva wake hana pa kukukwepea, kuna kingo pande zote.

Kwa wa upande ule mwingine, anayetoka Mwenge kwenda mjini, badala ya kufa na barabara ya Bagamoyo unaweza kupita ndani kwa ndani, Kijitonyama, Mwananyamala, Kinondoni. Matuta mengi, kona nyingi, kuku na watoto, mwendo unashuka, lakini na magari mwendo unashuka vilevile na hilo ndo unalolitaka. Kunyang'anywa simu ndani ya vichochoro usiku ni suala jingine na mi nalihesabu, baada ya saa mbili narudi barabara kubwa kwenye mwanga.

Kugombana au kuripoti

Hapa nitakua mfupi. Kugonga bodi ya gari kwa kofi kunatuliza roho kwa sekunde moja. Niliwahi, suka akasimama, konda akashuka, abiria wakagawanyika nusu kwangu nusu kwao, na mimi nilikua na kilo 55 tu. Kuongea kistaarabu akiwa amesimama kituoni, kama nilivyofanya na yule wa nilijua umenipisha, kumenifaa zaidi, na ukikutana nao kila siku njia moja wanakuzoea. Kuna suka mmoja wa Kigogo sa hivi ananiita Mwendokasi.

Kwa aliyekubana makusudi au kukuangusha, shika namba. Daladala zina namba nyeupe za biashara, zina mstari wa rangi wa njia yake ubavuni, na leseni ya njia inatolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwahiyo malalamiko yenye namba, saa, na kituo yana pa kupokelewa, achilia mbali trafiki. Malalamiko ya "kuna daladala moja hivi ya bluu" hayana. Kamera ya kwenye helmeti inasaidia kama unayo, lakini fikiria bei na wezi wa kwenye mataa. Ningependa siku moja tufanyiwe kama walivyoanza polisi wa West Midlands kule Uingereza 2016, wanampandisha askari baiskeli akiwa kiraia, dereva akimbana anasimamishwa mbele kidogo, wanamtandikia mkeka uliochorwa baiskeli na gari aone kwa macho yake mita moja na nusu ni kubwa kiasi gani. Hebu fikiria mkeka huo umetandikwa Manzese, ungeuzwa viatu juu yake saa hiyohiyo.

Sasa wewe uchague nini

Kama njia yako ina pa kuzunguka na dakika kumi haziui, zunguka, mjadala umeisha. Kama huna pa kuzunguka na barabara ni nyembamba yenye magari ya mwendo wa wastani, kaa kwenye leni, kaa kweli, na uwe na kioo. Kama ni barabara ya kasi na bega lipo, tumia bega ukiwa na macho nyuma. Kama ni ya kasi na bega hamna, panda daladala siku hiyo, sitakucheka. Kubana pembeni kwenye barabara nyembamba, ambako ndo nilikoanzia mimi na ndo wanakoanzia wote, nakuweka mwisho kabisa, chini hata ya lile bomba.

Dada mmoja tunafanya nae kazi ameanza wiki iliyopita, anatokea Mburahati, akaniuliza akae wapi wakati bado anatetemeka. Nilimwambia mwezi wa kwanza apite Morogoro Road asalimiane na wauza viatu, akishaweza kugeuka kuangalia nyuma bila usukani kuyumba ndo aje Kigogo, na siku ya kwanza nitakua nyuma yake mimi. Zoezi la kugeuka analifanya jioni uwanjani, mdogo wake anasimama nyuma ananyoosha vidole, yeye anataja viko vingapi.

Kioo changu mwenyewe jana kilianza kucheza, kila nikipita tuta kinaangalia mbinguni. Fundi wa Mabibo Mwisho kasema sio nati, ni kipande cha raba ya ndani kimeisha, nimpelekee tyubu kuukuu akate.